Nina folda 11 za mradi mmoja na sijui ipi ndiyo sahihi. Git naianzia wapi?

kijana_wa_kahawa · Jumapili, saa 3:40 usiku

Habari zenu wadau. Naomba msaada, na naomba mwende nami polepole. Nimeanza kujifunza Python mwezi wa tatu, nina laptopu ya mtumba niliyonunua Luthuli Avenue, na huku mtaani sina mtu wa kuniongoza.

Mama yangu ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kahawa West. Wako 23. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mchango ni shilingi 1,000, na anayelipa baada ya siku ya kikao anatozwa faini ya 50. Hesabu zote zilikuwa kwenye kitabu kile kikubwa cha kaunta. Nikamwandikia programu: unaingiza jina, tarehe na kiasi, inakutolea nani amelipa, nani ana deni na nani ana faini.

Kila nilipotaka kubadilisha kitu niliogopa kuharibu kile kinachofanya kazi, kwa hiyo nilikuwa nanakili folda nzima kisha naendelea kwenye nakala. Sasa nina chama, chama2, chama_mpya, chama_mpya_faini, chama_mwisho, chama_mwisho_kabisa, chama_USIGUSE na nyingine nne.

Leo mchana kikaoni nilifungua chama_mwisho_kabisa na mama akasoma orodha mbele ya wote. Wengi hutuma kwa M-Pesa siku mbili tatu kabla, lakini watatu walilipa leo hii asubuhi, ndani ya muda. Programu ikawatoza faini wote watatu. Mmoja wao ni jirani yetu, mtu mzima, alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Hakubishana. Alitoa 50 akaiweka mezani. Mama hajaniambia neno lolote tangu turudi, na imeniuma sana.

Najua kuna folda ambamo jambo hili lilikuwa sawa. Sijui ni ipi, wala sijui niliharibu lini. Rafiki yangu aliniambia nitumie Git. Nimefungua kurasa mbili tatu nikakutana na maneno mengi mpaka nikachoka. Git na GitHub ni kitu kimoja? Inahitaji bando kila wakati? Na stima ikipotea nikiwa katikati ya kazi?

---

dada_wa_seva · Jumapili, saa 4:55 usiku

Pole sana mdogo wangu, na mpe mama pole zangu. Nitakuandikia kwa kirefu kwa sababu folda zako nazijua. Za kwangu zilikuwa kwenye fleshi ya GB 4 nilipokuwa chuo.

Bando kwanza. Git na GitHub ni vitu viwili. Git ni programu inayokaa ndani ya laptopu yako na kufanya kazi yake humohumo, intaneti iwepo isiwepo. GitHub ni tovuti iliyoanza 2008, siku hizi ni mali ya Microsoft, ambako watu huweka nakala ya kazi yao na kushirikiana na wenzao. Unaweza kutumia Git mwaka mzima bila kuigusa GitHub. Bando unalihitaji siku ya kupakua tu.

Iliundwa hivyo makusudi. Linus Torvalds, yule aliyeanzisha mfumo endeshi wa Linux, aliiandika Aprili 2005, baada ya yeye na wenzake kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kampuni waliyokuwa wakiitegemea kutunza historia ya msimbo wao. Waandishi wa Linux wametawanyika dunia nzima, kwa hiyo alitaka kila mmoja awe na historia yote kwenye mashine yake bila kungoja seva ya mtu mwingine. Sisi ambao stima hukatika saa mbili usiku tunanufaika na uamuzi huo. Umeme ukipotea, ulichokwisha kukihifadhi kwenye Git kimo kwenye diski yako. Kinachoweza kupotea ni yale uliyoandika ukawa hujayahifadhi.

Sasa inavyofanya kazi. Folda inakuwa moja. Unaingia ndani yake kwenye dirisha la amri na kuandika `git init`. Git inatengeneza folda iliyofichwa iitwayo `.git`. Usiiguse na usiifute, historia yako yote imo humo. Kuanzia hapo, kila unapofika mahali pazuri unafanya komiti. Komiti ni picha ya mradi wako jinsi ulivyo dakika ile, pamoja na jina lako, saa, na maneno yako mwenyewe ya kueleza umefanya nini. Folda zako 11 zilikuwa komiti 11 zisizo na maelezo.

Kuna hatua mbili, na hapa ndipo wengi hukwama. Umewahi kutuma mzigo nyumbani kwa matatu? Unaweka vitu kwenye katoni kimoja kimoja. Unaweza kuongeza sukari, ukaondoa viatu. Hiyo ndiyo `git add`. Halafu unafunga kwa seloteepu, unaandika juu ni ya nani na ina nini, karani anakupa namba. Hiyo ndiyo `git commit`. Sababu ya kutenganisha hatua hizi ni kwamba mara nyingi unakuwa umegusa faili tano kwa kazi mbili tofauti. Unaweza kuweka tatu kwenye katoni ya kwanza na mbili kwenye ya pili, na kila katoni ikawa na maelezo yake.

Usiku huu hivi vinakutosha:

```
git config --global user.name "Jina lako"
git config --global user.email "barua pepe yako"
git init
git status
git add faini.py
git commit -m "maelezo yako hapa"
git log --oneline
```

Mbili za kwanza unaziandika mara moja tu maishani mwa laptopu hiyo. `git status` iandike kila dakika tano ukipenda, haiharibu kitu. Inakuambia ni faili gani zimebadilika na zipi zimo kwenye katoni. `git diff` inakuonyesha mistari yenyewe, iliyoondolewa ikiwa na alama ya kutoa na iliyoongezwa ikiwa na alama ya kujumlisha. Ukivuruga faili kabla ya kukomiti na ukataka irudi ilivyokuwa, `git restore faini.py`. Na hiyo uiandike ukiwa na uhakika, kwa sababu mabadiliko ambayo hukuyakomiti yakifutwa hivyo Git haina pa kuyatoa.

Ningeweza kuishia hapo, ila kuna jambo ninalolijali kuliko amri zote hizi, na kurasa ulizofungua sidhani kama zimekuambia.

Kazi yangu ya kwanza hapa Nairobi ilikuwa kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo, ofisi iko mjini, wanachama wengi wakiwa waendesha bodaboda. Nilipewa programu inayotuma ujumbe wa simu kumkumbusha mtu tarehe ya kulipa. Siku moja nikiisafisha nikakutana na mistari hii:

```
if len(namba) == 9:
    namba = "0" + namba
```

Nikajiuliza, namba ya simu ya Kenya yenye tarakimu tisa inatoka wapi? Namba huanza na sifuri, zinakuwa kumi, na chini kidogo programu yenyewe ilikuwa inaondoa ile sifuri na kuweka 254. Nikaona ni uchafu. Nikafuta, nikajaribu na namba yangu, ujumbe ukaingia, nikakomiti, nikaenda nyumbani.

Wiki mbili baadaye watu wakajaa kaunta. Hawakukumbushwa, wamechelewa, wametozwa. Nakumbuka kijana mmoja ameshika helmeti kifuani akisema kwa upole kabisa, "Dada, mimi nalipa nikipata meseji, ndivyo tulivyozoea." Wote walikuwa wanachama wa zamani.

Git ilinisaidia nusu ya kazi. Niliandika `git log -S"len(namba) == 9"`, amri inayotafuta komiti zilizoongeza au kuondoa maneno hayo, ikanionyesha mbili: yangu ya kufuta na ya mtu aliyeyaweka miaka mitatu kabla. Nikafanya `git revert` kwa ile yangu, ambayo inatengeneza komiti mpya inayotengua ya zamani bila kuficha kwamba ilikuwepo, na programu ikarudi sawa kwa dakika moja. Lakini nusu ya pili, kwa nini mistari ile ilikuwepo, haikuwepo popote. Mwenzangu wa zamani alikuwa ameandika neno moja: "rekebisho". Kabla yake "rekebisho". Baada yake "rekebisho 2". Na mimi, nilipofuta, niliandika "usafi".

Aliyenieleza ni mama wa masjala, ambaye hajawahi kuandika mstari wa msimbo. Alisema, "Hao wa zamani niliwaandika mimi kwenye Excel. Ile sifuri ya mbele huwa inapotea." Kweli, Excel ikiona 0712 na kuendelea inadhani ni hesabu, inaila sifuri, zinabaki tarakimu tisa. Kitu ambacho mtu mmoja alikijua kilihitaji sentensi moja tu kwenye komiti, na watu wale wasingesimama foleni.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujajua matawi wala nini, jifunze kuandika sababu. Git inahifadhi kilichobadilika hata usipoifikiria. Kwa nini kilibadilika ni wewe tu unayejua, na unajua leo. Baada ya miezi mitatu hutajua. Usiandike hivi:

```
git commit -m "nimebadilisha faini"
```

Andika hivi:

```
git commit -m "Usitoze faini aliyelipa siku ya kikao: kanuni ya chama ni baada ya siku hiyo"
```

Kanuni ya chama haimo kwenye Python. Imo vichwani mwa akina mama 23 na kwenye kile kitabu cha kaunta. Ukiiandika kwenye komiti, atakayekuja kuufuta mstari ule ataiona kwanza.

---

mwalimu_pangani · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Nakubaliana na dada kuhusu maelezo. Kuhusu dirisha la amri nina maoni tofauti. Nafundisha vijana kila Jumamosi, na nimeona wengi wanakata tamaa kwa sababu ya kuandika amri, si kwa sababu ya Git. VS Code, programu ya kuandikia msimbo, ina vitufe vya kukomiti upande wa kushoto, mabadiliko unayaona kwa rangi. Kijana aanze hapo, amri atazikuta njiani.

---

dada_wa_seva · Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Mwalimu, rangi zile ni nzuri, hata mimi huzitumia kusoma tofauti. Ninachoogopa ni siku kitufe kitakapokataa. Kosa linakuja kwa maneno ya Git, na mtu ambaye hajawahi kuona `git status` anabaki anabonyeza. Amri tano aziandike kwa mkono wiki mbili, kisha atumie anachotaka.

---

kijana_wa_kahawa · Jumatatu, saa 2:20 usiku

Asante sana dada, asante mwalimu. Nimesoma yote nikiwa kwenye matatu, nikarudia nilipofika. Git nimeipakua kwa bando la saa moja, na nimefanya komiti ya kwanza.

Sasa swali. Nimeanzia kwenye chama_mwisho_kabisa. Zile folda nyingine kumi nizitupe? Maana iliyo sahihi imo ndani yake mahali fulani, na bado sijaipata.

---

dada_wa_seva · Jumatatu, saa 3:05 usiku

Usitupe hata moja! Hizo ndizo historia yako. Tuzigeuze kuwa komiti, kisha Git itakutafutia kosa.

Tengeneza folda mpya tupu, iite chama_git, fanya `git init`. Halafu zipange folda zako 11 kuanzia ya zamani. Usiamini majina, na tarehe ya folda yenyewe inaweza kukudanganya kwa sababu ulinakili. Ingia ndani ya kila moja, tazama faili iliyohaririwa mwisho ni ya tarehe gani, uandike kwenye karatasi. Nakuhakikishia "mwisho" haitakuwa ya mwisho.

Chukua ya kwanza kabisa, nakili vilivyomo uweke ndani ya chama_git, kisha:

```
git add -A
git commit -m "Toleo la folda chama: orodha ya michango, bado hakuna faini"
```

Sasa futa faili zote ndani ya chama_git isipokuwa ile `.git` iliyofichwa, nakili vilivyomo kwenye folda ya pili, fanya tena. Endelea mpaka ya 11. `-A` inaambia Git izingatie na zilizofutwa, kwa hiyo kama kulikuwa na faili uliyoiacha njiani itaandikwa kwamba imeondoka. Kwenye maelezo taja jina la folda ya zamani na unachokikumbuka. Usipokumbuka kitu, andika jina la folda peke yake.

Ukimaliza, `git log --oneline` itakupa mistari 11, kila mmoja ukianza na herufi na tarakimu saba. Hizo ni mwanzo wa namba ya komiti. Namba kamili ina 40. Chagua mbili zinazofuatana ulinganishe:

```
git diff namba_ya_kwanza namba_ya_pili -- faini.py
```

Ukishaona kila hatua imeingia, folda za zamani zihamishie kwenye fleshi. Usizifute mwezi huu.

---

kijana_wa_kahawa · Jumanne, saa 5:30 usiku

NIMEIPATA!

Ulichosema kuhusu majina ni kweli tupu. chama_USIGUSE ni ya zamani kuliko chama_mpya_faini, na chama_mwisho_kabisa ni ya tisa, si ya 11. Iliyo ya mwisho kwa tarehe inaitwa chama2b, hata sikumbuki kuitengeneza.

Nililinganisha moja moja. Kati ya ya tano na ya sita Git ikanionyesha hivi:

```
-    if siku_za_kuchelewa > 0:
+    if siku_za_kuchelewa >= 0:
         faini = 50
```

Alama moja ya usawa. Aliyelipa siku ya kikao ana siku sifuri za kuchelewa, kwa hiyo aliingia. Nilikaa naiangalia ile alama kwa muda mrefu. Na nakumbuka sasa: nilikuwa najaribu programu usiku mmoja nikiwa na tarehe moja tu ya mfano, nikataka faini ionekane kwenye skrini, nikabadilisha kwa muda. Kisha stima ikapotea nikalala.

Nataka nipandishe GitHub ili laptopu ikiibiwa nisipoteze. Nimefungua akaunti, lakini nikisukuma komiti zangu kwenda huko kwa `git push` inaniuliza nywila, naiweka sahihi kabisa na inakataa. Nimejaribu mara sita.

---

dada_wa_seva · Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Hongera sana! Nimesoma ujumbe wako nikafurahi kabla hata ya chai.

Nywila yako haina kosa. Tangu Agosti 2021 GitHub haipokei nywila ya akaunti kwa kazi ya Git. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti utengeneze tokeni, msururu mrefu wa herufi, na uuweke pale unapoulizwa nywila. Utaonyeshwa mara moja tu, kwa hiyo ihifadhi mahali salama. Usiitume kwa WhatsApp. Na unapotengeneza repo, yaani hifadhi ya mradi wako, pale GitHub, chagua ya faragha.

---

fundi_wa_ngara · Jumatano, saa 1:25 asubuhi

Kijana, SIMAMA kwanza kabla hujasukuma kitu.

Ulifanya `git add -A`. Majina ya akina mama, namba zao za simu na nani anadaiwa, viko kwenye faili gani? Kama viko ndani ya folda hiyohiyo, viko kwenye komiti zote 11. Ukisukuma, vinaenda navyo. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata kama isingekuwepo, deni la mtu ni siri yake na ya chama.

Naongea kwa uchungu. Mimi niliandikia duka moja malipo ya M-Pesa, nikaweka funguo za siri za Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ndani ya faili ya msimbo, nikasukuma kwenye repo ya wazi. Niligundua kesho yake. Nikafuta ule mstari, nikakomiti, nikasukuma, nikadhani nimemaliza. Rafiki yangu akaniambia fungua historia. Nikafungua komiti ya juzi na funguo zikanitazama, nzima kabisa. Kufuta kwenye komiti mpya hakuondoi kwenye ya zamani. Nilichotakiwa kufanya, na nilifanya usiku huo, ni kubadilisha funguo zenyewe ili zile za zamani zisifungue kitu.

Tengeneza faili inaitwa `.gitignore`, ndani yake andika majina ya faili ambazo Git isiziguse:

```
wanachama.csv
siri.py
__pycache__/
```

Lakini kumbuka haifanyi kazi kwa faili ambayo Git imeshaianza kuifuatilia. Hiyo utaitoa kwa `git rm --cached wanachama.csv`, na bado itabaki kwenye komiti za nyuma.

---

dada_wa_seva · Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Fundi, asante kwa kuwahi. Hilo nilipaswa kulisema kabla ya `-A`, na nimekosa.

Mdogo wangu, kwa kuwa hujasukuma kitu na historia ni ya siku moja, njia safi ni kurudia. Weka chama_git pembeni, anza folda mpya, tengeneza `.gitignore` iwe komiti yako ya kwanza kabisa, kisha pitisha zile 11 upya. Unapofuta faili kati ya folda na folda, iache `.gitignore` pamoja na `.git`. Kila kabla ya kukomiti tazama `git status`: wanachama.csv isionekane kwenye orodha. Itakuchukua nusu saa. Ukimaliza, ile chama_git ya jana ifute.

Na ile wanachama.csv sasa haitakuwa na nakala GitHub, kwa hiyo iweke kwenye fleshi ya mama, afungie pamoja na kitabu cha kaunta. Git itunze programu, mama atunze majina.

---

kijana_wa_kahawa · Alhamisi, saa 4:10 usiku

Nimerudia. wanachama.csv haimo, nimetazama kila mara. Repo ni ya faragha na tokeni imekubali.

Jioni nilikwenda kwa jirani yetu na wale wengine wawili, nikawarudishia 50 zao kwa mkono. Mama alinipa 150 kutoka kwenye kisanduku cha faini, akaandika kwenye kitabu. Halafu akaniuliza kosa lilikuwa nini, nikafungua laptopu nikamwonyesha ile alama. Akauliza, "Sasa hiyo mashine ilikuwa imeandika siku uliyoiharibu?" Nikamwambia hapana, folda zilikuwa na tarehe, maneno ndiyo hayakuwepo. Kuanzia leo yatakuwepo. Akasema basi iandikwe kwamba kanuni ilipitishwa na kikao, mimi sikuitunga.

Hizi ndizo tatu za juu sasa:

```
a41c9e2 Rudisha > kwenye faini: anayelipa siku ya kikao hajachelewa, kanuni ya kikao
7d03b8f Toleo la folda chama2b: jumla ya mwezi chini ya orodha
e96f510 Toleo la folda ya kumi, sikumbuki nilibadilisha nini
```

Dada, binamu yangu yuko Eldoret na anataka kunisaidia kuandika sehemu ya mikopo. Tukigusa faili moja wote wawili?

---

dada_wa_seva · Alhamisi, saa 4:45 usiku

Mama yako amesema kweli. Ongeza tarehe ya kikao kwenye ile ya juu. Kama hujaisukuma, `git commit --amend` itakufungulia maelezo uyaandike upya. Kama umeishasukuma iache, uiandike kwenye inayofuata.

Binamu yako akigusa mistari mingine ya faili ileile, Git itaunganisha yenyewe. Mkigusa mstari mmoja, itasimama na kukuonyesha zote mbili:

```
<<<<<<< HEAD
    faini = 50
=======
    faini = 100
>>>>>>> mikopo
```

Juu ni yako, chini ni yake. Git haiwezi kuchagua kwa sababu haijui kikao kilisema nini. Mpigie simu binamu kwanza, mkubaliane, futa zile alama tatu na mstari usiotakiwa, kisha `git add` na `git commit`. Yeye afanye kazi kwenye tawi lake, yaani mkondo wa komiti ulio kando na wako, `git switch -c mikopo`, asiguse lako mpaka muwe mmesoma pamoja.

Na kama hamjui ni 50 au 100, muulizeni mama.